Kutafuta Chumvi

Daktari Adiru amemwambia mama atembee.
Nusu saa kwa siku, akasema, akaandika,
kana kwamba nusu saa ni kidonge
na huuzwa dukani pamoja na maji ya kumezea.

Mama alicheka mpaka kwenye gari.
Mimi? Mimi ndiye wa kuambiwa nitembee?

Huyu ni Nangobi wa Walukuba, kule Jinja,
nyumba za kota, safu kwa safu, mlango ukitazama mlango.
Alfajiri alifuata maziwa kwa Magumba,
akarudi, akakumbuka chumvi, akatoka tena,
akapita kumjulia hali mke wa Isabirye
ambaye hakuwa mgonjwa; alikuwa njiani tu.
Jioni alikwenda sokoni kwa njia ndefu,
kwa kuwa njia ndefu ilikuwa na kivuli
na fundi cherehani mwenye habari zote.
Hakuna aliyeyaita hayo mazoezi.
Yaliitwa kutafuta chumvi.

Kisha nikamleta kwangu, Najjera.
Nilijivunia: geti jeusi, ukuta, seng'enge juu ya ukuta.
Ukuta wangu umeshikana na wa jirani,
wa jirani na wa jirani yake,
na katikati yetu magari.
Kando ya magari, mtaro usio na kifuniko,
kina chake mtoto wa darasa la pili.
Mwenda kwa miguu amebakiziwa upana wa bega,
na bodaboda wanalitaka hata hilo bega.

Siku ya kwanza mama alifika mtaroni, akatazama.
Siku ya pili alirudi na tope hadi magotini.
Siku ya tatu hakuuliza viatu vyake viko wapi.

Tukasema: uzee. Tukasema: magoti.
Kagoya, dada yangu, alisema kwa simu kutoka Mbale:
hao mkishaonja sofa ndiyo basi.
Nikamnunulia saa ya kuhesabu hatua.
Saa ikahesabu: kitandani, jikoni, kitini.
Mia nne na kumi. Mia tatu tisini na nane.
Usiku niliisoma kama mtu anayesoma deni.

Na mimi, nafuata mkate kwa gari.
Duka naliona kutoka dirisha la ghorofani,
naona hata rangi ya kandambili za muuzaji.
Nawasha injini.

Mwezi wa tano Wandera, mchomeleaji wa kona,
alichoka kuvusha mageti ya wateja juu ya maji.
Akamwaga zege, akalaza mabamba, matano au sita,
kutoka karakana yake hadi karibu na kwetu.
Hakufanya kwa ajili ya mama. Hamjui.
Wiki iliyofuata msichana mmoja, Asimire,
akatua sigiri juu ya bamba la tatu,
akaanza kukaanga kabalagala.
Mtu akaleta benchi. Sijui nani.

Nikarudi kazini siku moja, kiti cha mama kitupu.
Nikaita chumba kwa chumba. Nikakimbilia mtaroni,
nikiogopa kuchungulia ndani.
Nilimkuta kwa Wandera, mikono kiunoni,
anamhoji ukoo wake, cheche zikiruka.

Saa ilisema elfu mbili na mia sita.
Mama alisema: nilitoka kutafuta chumvi.

Kabatini sasa tuna pakiti tisa.

Lakini zege linaishia kwa Wandera.
Ng'ambo yake ni mtaro tena, na bega, na honi.
Kila jioni mama hufika ukingo wa bamba la mwisho,
husimama kama aliyefika mpakani bila kitambulisho,
hulipima duka la mikate kwa macho,
hugeuka.

Jumamosi nilitoka na futi ya kamba.
Nilikanyaga tope, nikatukanwa na bodaboda wawili,
mmoja akanifahamu, akauliza gari limeharibika?
Mita sitini na mbili.
Muuza mikate ana kandambili za kijani; jina lake Okwir.
Nimemwachia namba yangu.
Nimeulizia bei ya saruji.